Sponji Mlangoni mwa Gereji

Ufukwe wa Sori, Jumanne

Sponji. Hajji, bosi wangu, ameamua kubandika sponji ya godoro kwenye mlango wa bati wa gereji tunamohifadhi samaki, ili bati liache kudondoshea jasho magunia yetu ya omena, dagaa wa ziwani. Wazo la ajabu: unyevu wa ziwa ukiingia, sponji itaunywa wote, na omena watalala kando ya godoro lililolowa.

Nilimwambia, kwa sauti ya panya, kwamba foma ngumu, kama ile nyeupe inayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi, hainywi maji.

"Msomi amesema," akacheka. "Haya, nunua hiyo foma yako. Lakini omena wakiota ukungu, wewe ndiye utakayewala."

Kwa hiyo nimeshinda. Foma inafungwa kesho, na tayari nimemuuliza mama jinsi ya kupika omena wenye ukungu.