Dawa ya Magugu Si Pemba

Papa Ngoie, bwana wangu,

Hapa Kamina tuko wazima, Mungu asifiwe, lakini nimechoka na weye, na leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka mvua ilivyopiga shamba siku ileile uliyopuliza dawa? Magugu yetu yakabaki yanacheka, maharage ya jirani kule bondeni yakaungua. Njo hapo ulianza na udongo wako. Ulinikalisha jikoni, ukatia wino ndani ya chupa ya maji, ukatia udongo ulioutengeneza kule chuoni Lubumbashi, ukatikisa. Udongo ukatua, maji yakawa safi. "Unaona, mama? Umeshika wino. Dawa nayo itashikwa vile, itatoka kidogo kidogo, mvua haitaibeba." Nilikupigia makofi. Nilijivunia weye, na hata sasa.

Lakini nani anaanika udongo wenye dawa jikoni juu ya ungo, vibonge vyeupe sawasawa na pemba, ule udongo mweupe wanaotafuna wenye mimba, halafu anapanda treni ya Lubumbashi?

Dada yako Numbi alifika toka Kinkondja na samaki wake na mimba yake. Kugeuka nimfunge Ngoie wetu mgongoni, yeye ameshatia kibonge mdomoni. Nikampiga mkono. Yeye, anayeniita yaya, dada mkubwa, akalalamika:

"Yaya, hata pemba unanikatalia? Mutoto akizaliwa nitamuambia!"

"Tema! Iko dawa ya kuua majani!"

Alicheka. Alipoona machozi yangu, njo akatema.

Kwenye kituo cha afya muuguzi akauliza, "Dawa gani?" Miye najua wino na chupa tu, jina la dawa hukuniachia. Simu yako imezimwa. Tulikaa pale mpaka jioni, Numbi amenishika mkono, utani umemwisha. Mtoto alipocheza tumboni, tulilia sote wawili.

Na ulipopiga simu nikakusimulia yote, swali lako la kwanza: "Vibonge vingine havikuloa?" Papa Ngoie!

Sikukatazi kazi. Mahindi yetu yanaihitaji. Lakini omba chumba chenye kufuli huko chuoni, na kila mfuko uandike jina la dawa. Ukija nayo hapa, weye utaingia, utakula, utalala. Mfuko hautavuka mlango.

Na habari ambayo hukuuliza: Ngoie ameanza kutambaa. Kila anachookota anatia mdomoni.

Safari njema ya kurudi. Nakupenda, na sijabadilisha neno.

Mke wako,
Mama Ngoie