Kata ya Mbege na Mdomo Unaoungua

"Mdomo usio na kidonda hauungui," ndivyo wifi yangu Justina alivyosema mbele ya ukoo, nami nakuandikia Mshauri nikitaka kujua kama ni kweli, maana huu ni mwezi wa nane ulimi wangu unawaka kama nimekunywa uji wa moto, asubuhi napata nafuu lakini ikifika saa tisa alasiri ncha ya ulimi na midomo vinachoma mpaka nakosa maneno, nesi amemulika kwa tochi akasema, "Mama, mdomo wako ni msafi," na dawa ya fangasi nimeimaliza bila mabadiliko. Nina miaka hamsini na sita. Mwezi uliopita tulipeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa posa ya mwanangu Davis kwa wazazi wa binti, mbege niliyopika mwenyewe, na unajua kwetu aliyeileta ndiye anayeonja kwanza ili wenyeji waone haina kitu, sasa mimi nikaogopa ule uchachu, nikagusisha kata ya kunywea mdomoni nikajifanya nameza, mzee wao Sifaeli akaniangalia akasema, "Mama, mbona koo halijacheza?" wakaweka kata chini na mbege ikarudi nyumbani nzima. Justina anasema ama nilitia kitu ama nina ugonjwa wa aibu, mume wangu Elimringi amenyamaza, Davis haongei nami, na tumepewa nafasi ya mwisho, Jumamosi ya tarehe ishirini. Je, niko peke yangu duniani? Jina langu usilifiche, wameshalitangaza wao.

Kornelia, Old Moshi

Kornelia dada yangu, pole. Sasa tumalizane na Justina. Mdomo usio na kidonda unaungua, na madaktari wanaijua hali hiyo: mdomo unachoma kwa miezi, wakichunguza hawaoni kitu, na inadhaniwa mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari za moto usiokuwepo. Haiambukizi. Haina aibu yoyote ndani yake.

Umeuliza kama uko peke yako, na swali hilo limenishika wiki nzima. Nimesoma. Waliojumlisha hesabu za nchi mbalimbali wanapata kama mtu mzima mmoja au wawili katika mia. Wapo waliopata chini ya hapo, na wapo waliofika kumi na zaidi kwa sababu walimhesabu kila aliyesema mdomo unamchoma, hata mwenye fangasi. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, hasa wakishakoma hedhi. Chukua ibada yenu ya Jumapili: wakikaa watu wazima mia tano, watano hadi kumi huenda wanaungua kama wewe, na wengi wao ni wa rika lako, labda benchi lako. Niseme ukweli pia, hesabu hizo nyingi si za Afrika. Huku mlimani sijaona aliyehesabu, nami ningependa sana kujua ni wangapi wanameza mate na kunyamaza.

Lakini wewe nawe una kosa. Kuugua si kosa. Kuwaigizia wazee kwamba umemeza ndilo kosa. Mtu anayejifanya anakunywa alichopika mwenyewe, ulitaka wamfikirieje? Hata mimi ningeweka kata chini.

Tochi haitoshi. Nenda kwa daktari wa kinywa, upimwe damu kama imepungua, sukari na vitamini. Mpelekee vidonge vyote unavyotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha huchoma mdomo, ila usiache hata kimoja kabla hajakuambia. Vipimo vikiwa sawa, ndipo atakapojua ni hali hii yenyewe, na zipo njia za kuituliza. Ndimu na pilipili weka kando, na mbege pia.

Tarehe ishirini uende. Kabla kata haijazunguka, simama umwambie mzee Sifaeli: "Sikumeza. Mdomo wangu unaungua, nikaona haya kusema." Kisha aonje mwingine wa nyumba yako.

Huyo mwingine ni wewe, Elimringi. Umekaa kimya mkeo akisemwa. Siku hiyo chukua kata, unywe wa kwanza, unywe mpaka mzee aone koo limecheza. Na wewe Justina, maneno yako uliyasema mbele ya ukoo. Kayafute mbele ya ukoo huohuo, kabla ya Jumamosi.