Sweta ya Waruguru

Gatongora,
Ruiru.
12 Agosti 2024

Mpendwa ndugu yangu Kinuthia,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Habari ya kazi, habari ya Natsumi, na mtoto je, hajambo? Huku tuko, ila sitaandika kwamba hatujambo kama desturi ya barua inavyotaka. Baridi ya mwaka huu imekataa kwisha. Jua la Ruiru linachungulia saa saba kama mgeni mwenye haraka, kisha linajiendea. Mume wangu Mwau anakohoa tangu Julai, binti yangu Mbinya amefunga shule na anakula kama askari. Mama ndiye hayuko sawa.

Usishangae kuona karatasi. Kwa WhatsApp unasoma ukiwa kazini, unatuma ile mikono ya kuomba, na mambo yanaishia hapo. Hii utaikalia chini uisome.

Tulimpeleka Mama hospitali Thika mara mbili. Moyo umechoka, na miguu inajaa maji. Mara ya pili daktari alinivuta kando akasema turudi naye nyumbani. Sasa analala chumba cha mbele, kichwa kikielekea dirisha la upande wa Kilimambogo. Siku hizi mlima hauonekani kwa ukungu, lakini anaangalia tu.

Kinuthia, nataka nikukumbushe ile siku ya mlima Aso, huko Japani kwenu, Machi, tulipokuja kukutembelea. Uliamka ukiimba, ukasema siku hiyo ni zawadi ya Mama. Gari lako dogo kama kabati, Mama mbele na wewe, mimi na Natsumi nyuma, mtoto katikati. Vilima vilikuwa vimechomwa nyasi, vyeusi kutoka barabarani hadi juu, na Mama akauliza kama kuna mtu amekufa. Ukamweleza kwamba huchomwa kila mwaka ili majani mapya yaote.

Halafu ukatuonyesha bonde lile kubwa, nyumba na mashamba ya mpunga ndani kabisa ya shimo la volkano, na watu wameanika nguo bila wasiwasi. Mama akasema, "Ai, hawa watu wanalima ndani ya sufuria!" Tulicheka sana. Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka vile.

Mtoto alikuwa amevaa ile sweta ya kijani ambayo Mama alimfumia. Kifuani aliandika WARUGURU kwa uzi mwekundu. Unajua kwa nini. Mtoto alipozaliwa, wewe mwenyewe ulimpigia simu ukamwambia, "Mama, umezaliwa." Mama alipiga vigelegele uani hadi Magdalene wa jirani akatoka mbio na mwiko mkononi.

Wewe ndiye mwana wa kiume wa pekee. Kwa mila yetu binti yako wa kwanza huchukua jina la Mama, Waruguru, hakuna cha kujadili hapo. Mbinya wangu aliitwa kwa mama yake Mwau, kama inavyotakiwa, na Mungu hakunipa msichana mwingine. Kwa hivyo Mama hakuwa na wajina popote duniani isipokuwa huko kwako.

Tuliposimama pale kwenye uwanda wa nyasi, ulienda kutununulia chai. Ukungu ulikuwa unashuka, na hewa ilinuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Mtoto akakimbilia ua wa ng'ombe. Mama akaita, "Waruguru! Waruguru, rudi!" Mtoto hakugeuka. Akaita tena, kwa sauti ile aliyokuwa akituitia sisi jioni. Wapi! Natsumi akaita mara moja tu, "Hina!" na mtoto akarudi mbio akicheka.

Nilidhani ni jina la utani. Mama hakudhani. Aliniambia nimuulize Natsumi mtoto anaitwa nani, na kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza akanijibu kwamba ni Hina, hana jina lingine. Kisha akagusa yale maandishi kifuani, akainama, akamshukuru Mama kwa kuweka jina lake kwenye kazi yake, kama wanavyofanya mafundi wa kwao. Masikini, alidhani ni sahihi ya fundi.

Mama aliinama, akamfunga mtoto kifungo cha juu, akaniambia, "Usimuulize Kinuthia kitu mbele ya mke wake. Mtu haaibishwi kwake." Ndiyo maana nilinyamaza ulipoleta chai.

Tukapanda hadi karibu na mdomo wa volkano, na mtu mwenye kofia ngumu akaturudisha kwa sababu ya gesi. Ulisikitika kweli. "Pole Mum, next time utaona." Mama akakujibu, "Haina haja. Nimeona." Wewe ulifikiri anasema mlima.

Tangu turudi hajakutaja kwa ubaya. Magdalene akimuuliza, "Na wajina wako anaendelea aje?" yeye hujibu, "Anaendelea vizuri, amekuwa mrefu." Mama wa kanisa, Kinuthia, anadanganya kwa niaba yako.

Mimi nimekasirika, na sitakuficha. Sikasirikii jina la Kijapani. Mtoto angeweza kuwa na mawili, kama wewe ulivyo Zacharia na Kinuthia na hukuwahi kupotea. Nahisi Natsumi hakuwahi hata kuulizwa. Uliona ni rahisi kumdanganya mama aliye mbali kuliko kuongea na mke aliye karibu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako ilitosha kutufikisha hadi Aso.

Sikuambii upande ndege. Mwambie Natsumi ukweli, mpe mtoto hilo jina hata liwe la nyumbani tu, halafu upige simu. Mama aite, mtoto aitikie. Basi. Simu yake iko kando ya mto wake wa kulalia, na mimi huhakikisha ina chaji.

Ndani ya kifurushi hiki kuna sweta nyingine, kubwa kidogo. Mama aliianza mikono ikiwa bado inamtii, akamalizia kifua wiki jana akiwa ameegemea mito. Aliniuliza jina linaandikwaje. Nilijifanya sijasikia, akanisubiri mpaka nikamwandikia. HINA, kwa uzi mwekundu ule ule. Nilimwomba aache nafasi ya WARUGURU chini yake, akasema hapana, mtoto atachanganyikiwa.

Mwau na Mbinya wanakusalimu, na Magdalene pia, ambaye hajui lolote. Mama ameitemea sweta mate kidogo, ile baraka ya wazee, kwa hivyo msiifue kabla mtoto hajaivaa. Mungu awalinde nyote watatu.

Natsumi msalimie sana, hana kosa. Mwambie fundi ni yule yule, ila safari hii hakuweka jina lake.

Dada yako akupendaye, hata na hasira hizi,

Warigia