Bei ya Mtu Mzima

Dada yangu mpenzi,

Tumefika salama. Chumba ni kizuri, ila bomba la bafuni linavuja na shemeji yako anagombana nalo tangu asubuhi.

Hapa hotelini chakula cha likizo nzima hulipiwa siku ya kufika, na mwenye miaka kumi na miwili huhesabiwa mtu mzima. Msichana wa mapokezi alimtazama binti yangu alivyokonda, akaninong'oneza, "Mama, huyu nimwandike mtoto. Nani atajua?" Nilikataa katakata. Nikalipa bei kamili, naye akavishwa utepe mwekundu wa watu wazima mkononi.

Anakunywa vijiko viwili vya supu, anasukuma bakuli. Shemeji yako amenuna, ati nimechezea hela.

Jana mtoto aliniuliza, "Mama, kwa hiyo mimi sasa ni mkubwa?" Nikamwambia, mkubwa kabisa. Utepe hauvui hata akioga.

Wewe ulikuwepo daktari aliposema. Baba yake bado sijamwambia, naye ananiona mjinga. Acha anione. Huo ukubwa mwanangu angeupata wapi tena?

Nisalimie wote. Usiwaambie kitu.

Mdogo wako