Usingizi wa Nafula

Jumatatu, 7 Julai
Miguu ameosha. Meno amepiga mswaki. Tumeomba, taa nimezima. Usiku wa sita huu tangu aletwe kwangu, na saa tano Nafula bado yuko macho. Ana miaka sita. Halii, hasumbui, anaangalia dari tu. Afadhali angelia.

Jumatano, 9 Julai
Mwalimu amepiga simu. Nafula amesinzia darasani, akaanguka kutoka kwa kiti. Maziwa moto hayasaidii. Hadithi pia. Na mimi naamka saa kumi ndio niwahi kazi Nairobi. Leo nimemfokea, "Funga macho." Akayafunga kwa nguvu mpaka uso ukakunjamana. Nimejichukia.

Alhamisi, 10 Julai
Nimempigia kaka yangu Simiyu, baba yake, huko Magadi. Tangu amzike mkewe mwezi wa nne, yeye ni zamu za usiku tu kiwandani. Ndio maana mtoto yuko kwangu Kitengela. Nilitaka kumwambia nimeshindwa, ampeleke kwa nyanya yake Bungoma. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Feni umemwashia?"
Feni. Mwezi wa saba. Hapa tunalala na soksi.
"Huku joto haliishi. Tangu azaliwe analala feni ikinguruma. Mama yake alikuwa anaiwasha, anamwambia, sasa lala."
Bungoma sikuitaja.

Ijumaa, 11 Julai
Nimenunua feni ndogo. Muuzaji amecheka, na baridi hii yote. Nimeielekeza ukutani, Nafula ndani ya blanketi mbili. Nikaiwasha, nikasema, sasa lala. Akalia. Mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimshika mpaka akanyamaza. Saa tatu alikuwa amelala fofofo.

Jumanne, 22 Julai
Stima zimepotea tukiomba, feni haiwaki. Akanishika mkono. Nikaweka mdomo karibu na sikio lake nikanguruma.
"Anti, hiyo ni trekta."
Tumecheka sana. Nikaendelea kunguruma mpaka koo likauma. Alilala.

Jumamosi, 9 Agosti
Simiyu amekuja. Amekonda. Nafula amemwonyesha madaftari yote, hata ya zamani. Saa mbili nikamlaza, nikarudi jikoni. Simiyu hakunifuata. Nimemkuta ameketi sakafuni mlangoni pa chumba, anamwangalia mtoto akipumua. Hajamwona akilala tangu mwezi wa nne. Nimemwekea chai kando yake. Imepoa hapo hapo. Sijamsumbua.