Upande wa Pili wa Daraja

Machi 3

Baba, shikamoo. Mama na wadogo zangu hawajambo? Mimi mwili mzima, ila nimekwama uwanja wa ndege. Ile pasipoti uliyoigonga muhuri kwa mkono wako, ofisa wa huku ameigeuzageuza, akaita wenzake waje wacheke. Nchi yetu kwao haipo. Chuoni siendi, na kurudi sirudi, eti hawawezi kumrudisha mtu mahali pasipokuwepo!

Ubalozi wa serikali ya zamani, ile tuliyojitenga nayo, utanipa pasipoti yao, mradi mzazi avuke daraja la mpakani, aape ofisini kwao kwamba sisi ni raia wao. Nakuomba, baba.

Binti yako

Machi 20

Marahaba, mwanangu. Huku wazima, ila mama yako chakula hakimpandi. Barua yako imeletwa na dereva wa lori, maana hata posta yetu haitambuliki.

Sasa sikiliza. Mimi, mkuu wa kituo cha darajani, nikaape kwa hao hao waliotunyanyasa mpaka tukajitenga? Vijana wangu nitawatazama kwa macho gani? Wakubwa wanasema tutatambuliwa muda si mrefu. Kaza moyo.

Baba yako

Juni 11

Baba, shikamoo. Hali yangu si nzuri, sidanganyi. Taa za chumba walichoniweka hapa uwanjani hazizimwi, dirisha halifunguki. Niliowakuta humu wote wamesharudishwa kwao. Chuo wamenishikia nafasi mpaka Agosti tu.

Mnalilia dunia iwatambue. Na mimi, baba, nani anitambue? Nimekukasirikia sana.

Binti yako

Julai 2

Marahaba, mwanangu. Nimevuka.

Niliacha sare nyumbani. Wale ninaowaita maadui walinipa kiti na chai, nikaapa. Karatasi zako zinafika ubalozini wiki hii. Chuo utakiwahi.

Kurudi ndiko kulikonishinda. Vijana wangu walinipigia saluti, halafu hawakuinua kizuizi. Aliyeapa huko hapiti huku. Amri hiyo niliwasomea mimi mwenyewe. Sikuwagombeza. Nimepanga chumba ng'ambo hii, paa letu nalichungulia dirishani. Jioni mama yako hutoka nje akanipungia mkono. Naumia, sikufichi.

Likizo usipitie darajani, mwanangu. Hiyo pasipoti yako mpya hawataitambua. Niliwafundisha vizuri.

Baba yako