Barua ya Babu Iliyovuka Mto

Jumanne, Murusagamba

Nilimkanyaga mama mguu chini ya meza ili anyamaze, akauondoa tu.

Yule dada mtafiti wa chuo alileta nakala za barua ambazo babu mzaa mama, mchonga sanamu, alimwandikia padri mmoja mchoraji aliyekuwa amerudi Ulaya, kati ya vile vita vikuu viwili. Padri alikuwa akizipeleka sanamu za babu kwenye maonyesho ya huko. Sasa barua zinatolewa kitabu.

Ningefurahi. Lakini ya tatu inasema: "Nimevuka mto na patasi zangu. Kwetu Burundi nimemwacha Bikira Maria hajapata mikono."

Mwezi uliopita nilijaza fomu ya kitambulisho cha taifa. Mahali alipozaliwa babu niliandika Bukiriro, upande huu wa mto. Ndivyo mama mwenyewe alivyotufundisha kujibu tangu tukiwa wadogo. Nikatia sahihi.

Naogopa. Kitabu kikifika uhamiaji, nitaitwa mgeni aliyetia sahihi uongo.

"Hapo pa mto lazima pachapwe?" nilimuuliza yule dada.

"Mwalimu, hapo ndipo pazuri kuliko pote."

Mama alimwomba aparudie mara tatu. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akitamka neno Burundi. Leo analitamka kama anaita mtoto aliyepotea.

Ameshaongea na katekista. Jumapili, baada ya misa, barua hiyo itasomwa mbele ya watu wote. Anataka niisome mimi.